UZI: Bluu na njano zinanipa kijivu. Kwa nini paleti za programu za kuchorea hazijui kuchanganya rangi?

#1 Fundi wa Boti

Mwakeye wakuu. Naomba wenye ujuzi wa programu za kuchorea tukae hapa tuzungumze, maana mimi nimegonga mwamba.

Ni mchoraji wa maboti na mabango hapa Ujiji. Brashi nimeishika miaka 19. Mwaka juzi kijana wangu alininunulia tableti ya Android na kalamu yake, nikaanza kuchora humo: kava za daftari, stika za bodaboda, michoro ya fulana. Mkono ulizoea haraka. Kilichonishinda mpaka leo ni paleti.

Nieleze kwa kazi ya juzi. Nilikuwa nachora ufukwe wa Katonga saa kumi na moja jioni. Dagaa wako kwenye vichanja, nyuma yao ziwa, ng'ambo milima ya Kongo. Pale maji yanapoanza kuwa na kina kuna kijani fulani kilichozama ndani ya bluu. Kwenye bati langu la kuchanganyia kijani hicho sikitafuti: bluu nzito, njano ncha ya kisu, halafu nyeupe kidogo kidogo. Kwenye tableti nikaweka bluu, nikapitisha njano juu yake kwa brashi ya kuchanganya. Ikaja kijivu. Kijivu kabisa, kama majivu ya mkaa yaliyomwagiwa maji. Nikaongeza njano, likaja tope. Nikaongeza bluu, kikarudi kijivu.

Mwishowe nikaenda kwenye lile gurudumu la rangi, nikakitafuta kijani changu kwa kidole dakika ishirini nzima. Nikapata kinachofanana, nikachora. Kesho yake nataka kuendelea, sijui kilikuwa wapi. Kwenye bati, hata rangi ikikauka, naiona njia niliyopita: hapa bluu tupu, hapa ilikutana na njano, hapa nilizidisha nyeupe nikaacha. Kwenye tableti nina vimiraba 40 visivyo na jina wala ukoo.

Dai langu ni hili, mnisahihishe nikikosea: paleti hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayechagua rangi, kama mtu anayechagua shati dukani. Mchoraji rangi anaipika. Nani anajua kwa nini imekuwa hivi, na je, kuna programu iliyolishughulikia jambo hili?

#2 Mgebuka Mbichi

Shikamoo fundi. Sijui kuchora hata nyumba ila nakaa hapa mbele kabisa. Boti zako nimezipanda sana.

#3 Pikseli

Fundi, tatizo ni hesabu. Kila rangi kwenye skrini ni namba tatu: nyekundu, kijani, bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Bluu tupu ni 0, 0, 255. Njano tupu ni 255, 255, 0. Ukichanganya nusu kwa nusu programu inachukua wastani, inapata kama 128, 128, 128. Namba tatu zikilingana, hicho ni kijivu. Mashine imefanya hesabu yake sawasawa.

Rangi ya kopo haifuati wastani. Kila unga wa rangi unameza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Bluu yako inameza nyekundu, inarudisha bluu na kijani kidogo. Njano inameza bluu, inarudisha nyekundu na kijani. Zikikaa pamoja kwenye bati, mwanga pekee ambao hakuna aliyeumeza ni kijani. Ndiyo unachokiona. Skrini haimezi kitu, inawasha taa tu.

#4 Saa Tisa Usiku

Pikseli umeeleza nusu. Kuna jambo la pili ambalo wengi wanalipita. Namba za skrini zimekunjwa. 128 si nusu ya mwanga wa 255, ni kama asilimia 22 tu. Nusu halisi ya mwanga iko karibu na 188. Programu nyingi zinachanganya hizo namba zilizokunjwa bila kuzikunjua kwanza. Ndiyo maana ukipitisha nyekundu juu ya kijani, katikati panatokea ukanda mweusi mchafu kama oili chafu. Programu ikikunjua kwanza ndipo ichanganye, lile tope linaondoka. Kwa hiyo fundi, kijivu chako ni uvivu wa programu.

#5 Pikseli

Kwa nyekundu na kijani uko sahihi kabisa. Kwa bluu na njano ya fundi, hebu ikunjue uone: utatoka 128, 128, 128 uende 188, 188, 188. Kijivu cheupe zaidi. Kijani bado hakijaja.

#6 Saa Tisa Usiku

Nimepiga hesabu, kwa bluu na njano nakubali. Kwa lile tope alilolipata baadaye sikubali, hilo ni la namba zilizokunjwa.

#7 Mnyamwezi wa Stesheni

Habari zenu majirani. Mimi niko Tabora, hapa treni inapogawanyika, nyie mnaenda kwenu Kigoma wengine wanaenda Mwanza. Naona kila uzi wa Kigoma lazima ziwa liingie. Kuna rangi nyingine duniani jamani.

Ila fundi kasema kweli. Mimi nachora misitu. Kuanzia mwezi wa tisa, kabla mvua hazijashuka, miyombo inatoa majani mapya mekundu. Mekundu ya shaba, mlima mzima, mgeni anadhani kuna moto. Baadaye yanapita kwenye rangi ya asali, kisha kijani laini, kisha kijani chenyewe. Jani moja ndani ya majuma machache linatembea kutoka nyekundu mpaka kijani, na njiani kote linapendeza. Sasa chora mpito huo kwenye programu: weka nyekundu upande huu, kijani upande huu, uone katikati panavyokufa. Msitu umeoza. Kwa hiyo namuunga mkono Saa Tisa, tope lipo na ni kweli.

#8 Mwalimu wa Sanaa

Vijana, mnazungumza hesabu tu, macho mmeyasahau. Hapo zamani mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia utiaji rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akazichunguza, akakuta nyuzi hazina kosa. Zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizolala kando yake. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1839.

Fundi, kile kijivu chako kipake kidogo tu katikati ya rangi ya mawese, ukitazame tena. Kitageuka bluu machoni pako bila kukigusa. Wachoraji wamefanya kazi kubwa kwa nyeusi, nyeupe, nyekundu na njano ya udongo, na mtazamaji anaapa kaona bluu. Kwa hiyo paleti nzuri ingenionyesha rangi ikiwa imelala juu ya mchoro wangu, kando ya majirani zake. Kuionyesha peke yake kwenye kimiraba chenye ukuta wa kijivu kunanidanganya kila siku.

#9 Fundi wa Boti

Marahaba Mgebuka. Asanteni wote.

Mwalimu, nimejaribu la mawese sasa hivi, na ni kweli, kijivu kinageuka. Nimelipokea. Ila lile la maji ya Katonga ni eneo kubwa, robo tatu ya mchoro. Siwezi kulizungushia mawese ziwa zima ili kijivu kiwe bluu.

Pikseli, swali. Kama hesabu ya rangi ya kopo inajulikana, unaweza kuieleza hapa kwa maneno mepesi namna hiyo, basi nini kinawazuia kuiweka ndani ya programu?

#10 Pikseli

Hesabu inajulikana tangu 1931. Kubelka na Munk ndio walioiandika, wakishughulikia rangi za kupaka: mwanga ukiingia kwenye tabaka la rangi kiasi gani kinamezwa, kiasi gani kinatawanywa kurudi juu. Viwanda vya rangi vinatumia hesabu ya aina hiyo kulinganisha makopo.

Shida ni kwamba inahitaji kujua kila pigmenti, yaani ule unga wa rangi, inafanya nini kwa kila aina ya mwanga kwenye upinde wa mvua. Namba tatu hazitoshi. Mwaka 2021 Šárka Sochorová na Ondřej Jamriška walitoa njia inayoitwa Mixbox: inachukua namba zako tatu, inazigeuza kuwa mchanganyiko wa pigmenti nne (bluu, majenta, njano na nyeupe), inachanganya kwa tabia ya kopo, kisha inakurudishia namba tatu. Bluu na njano inatoa kijani. Programu ya kuchorea ya Rebelle, toleo la Pro, inaitumia. Na kabla yake programu nyingine, MyPaint 2.0, iliyotoka 2020 na ni ya bure, ilikuja na uchanganyaji wake wa namna ya pigmenti.

#11 Kibirizi Mchana

Basi jibu limepatikana, fungeni uzi.

#12 Mama Vitenge

Usifunge, hatujaanza. Rebelle ni ya kulipia. MyPaint ni ya kompyuta. Fundi ana tableti. Na mimi nina simu, nabuni mitindo humo nikiwa dukani Mwanga, mteja amesimama mbele yangu. Kwangu kero ya kwanza haihusiani na hayo ya 1931. Nikifungua dirisha la rangi linafunika nusu ya mchoro. Nikigusa rangi, kidole changu mwenyewe kinaifunika ile rangi ninayoigusa. Nikiondoa kidole imesogea. Mara tatu, mara nne, mteja anaangalia saa.

Ningetamani rangi ninayoigusa itokee juu ya kidole, kubwa, kando ya ile niliyokuwa nayo mwanzo, nilinganishe kabla sijaachia. Kuna programu nyingine zina duara la namna hiyo kwenye kile kinyonya rangi tu, kile cha kuchukua rangi iliyopo tayari kwenye picha. Kwanini lisiwepo kwenye gurudumu pia?

#13 Maktaba ya Bangwe

Nirudi kwenye swali la fundi, kwa nini haijawekwa kila mahali. Mixbox ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Ukitaka kuiweka kwenye bidhaa unayouza unazungumza nao, unalipa. Na programu huria ya kuchorea kama Krita haiwezi kubeba kipande chenye sharti la kutofanya biashara, leseni yake inagongana nalo. Hiyo ndiyo sababu, si ujuzi.

#14 Saa Tisa Usiku

Leseni inaeleza tangu 2021. Kabla ya hapo miaka yote hiyo je? Mimi nasema ni mazoea. Mwaka 1978 Alvy Ray Smith alieleza ule mpangilio wa rangi yenyewe, kukolea, na mwangaza, ambao ndio mama wa magurudumu mengi mnayoyaona. Ulibuniwa kwa mashine za wakati ule, hesabu nyepesi. Mashine zimebadilika, gurudumu limebaki.

Na lina uongo ndani yake. Chukua njano tupu na bluu tupu. Gurudumu linasema zote mwangaza wake ni 100. Lakini kwenye skrini njano tupu inabeba karibu asilimia 93 ya mwanga wa nyeupe, bluu tupu inabeba kama asilimia 7. Ndiyo maana mtu anazungusha rangi tu, hajagusa mwangaza, na mchoro wake unapoteza kivuli chote. Mwaka 2020 Björn Ottosson alitoa mpangilio unaoitwa Oklab unaorekebisha hilo kwa hesabu fupi, na aliuachia watu bure. Photoshop inautumia kwenye mipito ya rangi. Vivinjari vya intaneti vinaujua. Ukiuliza ni kitu gani kimoja kingeboresha kila paleti kesho asubuhi, ni hicho.

#15 Pikseli

Oklab ni nzuri kwa kuchagua. Kwa kuchanganya, bluu na njano bado haifikishi kwenye kijani cha fundi. Naomba tusichanganye mambo mawili.

#16 Saa Tisa Usiku

Sijasema inachanganya. Nimesema gurudumu halitaongopa.

#17 Mnyamwezi wa Stesheni

Nimeijaribu hiyo Oklab kwenye mpito wa majani ya miyombo. Katikati pamepata uhai, pamekuja kama asali ya Sikonge. Asante Saa Tisa, umenifaa kuliko majirani zako wenye ziwa.

#18 Mtoto wa Mwandiga

Nina kisa. Mwaka jana nilichora picha ya bibi yangu kwa ajili ya arobaini yake. Nilikaa nayo usiku mzima mpaka karibu alfajiri, simu ikiwa kwenye hali ya usiku, ile inayoweka skrini njano ili macho yasiumie. Ngozi ya bibi ilikuwa nzuri, ya joto, kama nilivyomjua. Asubuhi nikamwonyesha mama kwenye simu yake. Mama akanyamaza, kisha akaniuliza kwa nini nimemchora bibi kama aliyekufa maji. Ngozi yote ilikuwa ina ubuluu. Skrini ilikuwa njano, mimi nikawa naongeza bluu kuisawazisha bila kujua.

Nilirudia yote, siku mbili. Sasa ombi langu: programu inayoniuliza kila kitu, inayotaka ruhusa ya picha, ya maikrofoni, ishindwe kuniambia "skrini yako iko njano, rangi unazoziona si hizi"? Mstari mmoja tu juu ya paleti.

#19 Mama Vitenge

Pole sana mwanangu. Na hata bila hali ya usiku, simu nyingi za siku hizi zinakuja zimewekwa rangi za kung'aa kupita kiasi. Nenda kwenye mipangilio ya skrini utafute hali ya kawaida au ya asili. Mimi niliibadilisha, wiki ya kwanza nikaona kila kitu kimechuja, sasa nimezoea na nguo zinafanana na simu.

#20 Bango la Mwanga

Hamjafika kwenye maumivu bado, ngojeni mfike kwenye kuchapa. Mteja aliniletea bango la duka lake la simu, bluu nzuri kabisa ya umeme. Nikachapisha sehemu moja, sitaitaja. Ikatoka zambarau. Mteja akakataa kulipa. Nikarudia kwa gharama yangu, ikatoka zambarau tena.

Baadaye ndipo mzee mmoja wa uchapaji akanieleza: mashine inatumia wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu ile ya skrini haipo ndani ya wino huo. Ukijazia samawati na majenta zote, inaelekea zambarau. Alinifundisha kupunguza majenta mpaka bluu itulie. Haiwi ile ya skrini, ila inakuwa bluu. Ninachotaka kwenye paleti ni alama kwenye kila kimiraba: hii itachapika, hii haitachapika. Programu kubwa za kompyuta zina onyo hilo. Za simu ninazotumia mimi hazina, na kazi nyingi za mjini hapa zinafanyika kwenye simu.

#21 Samaki wa Mapambo

Salaam. Mimi nafanya kazi na wale samaki wa mapambo wa ziwani, wanaosafirishwa nje. Kwetu rangi ni pesa. Wale Tropheus wanaishi kwenye miamba, hawavuki mchanga kirahisi, basi kila eneo la mwambao lina rangi yake. Jamaa walewale, ghuba hii wana mkanda wa njano, ghuba ile mkanda umepauka. Aina yao moja, duboisi, akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima, akikua madoa yanaondoka, kichwa kinakuwa na ubuluu, mkanda unatokea.

Nilikuwa namchorea bosi karatasi ya aina zake. Nikanyonya rangi kutoka kwenye picha ya samaki, mkanda ukaja kijani. Nikanyonya tena robo milimita pembeni, ukaja kahawia. Nikaikuza picha mpaka nikaona vile vimiraba: njano, kijani, kahawia, hata zambarau kimoja, vyote ndani ya mkanda ambao mimi kwa macho naona ni njano tupu. Nilikuwa nanyonya kimiraba kimoja. Kumbe kwenye Photoshop kuna mahali pa kuchagua kinyonya rangi kichukue wastani wa eneo, 3 kwa 3, 5 kwa 5, kuendelea mpaka 101 kwa 101. Krita nayo ina kipimo cha upana wa eneo. Nilifanya kazi mwaka mzima bila kujua. Kitu kama hicho kilipaswa kuwa wazi mbele ya macho, hakikupaswa kufichwa.

#22 Mwalimu wa Sanaa

Na picha yenyewe inategemea ilipigwa wapi. Chupa ya mawese ukiipiga kivulini inavuta ubuluu wa anga, ukiipiga ndani chini ya taa inavuta njano. Mawese ni yaleyale.

#23 Kijani au Kahawia

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni mwanaume mwenye shida ya kutofautisha kijani na nyekundu, nimezaliwa nayo. Iko upande wa kromosomu ya X, ndiyo maana inatupata zaidi wanaume. Kwangu jani bichi na jani kavu yanaweza kufanana kabisa. Yale majani ya Mnyamwezi yanayotoka nyekundu kwenda kijani, samahani kaka, kwangu ni jani moja muda wote.

Nachora. Napenda kuchora. Kinachonisaidia ni kitu kimoja: jina. Nikiona kimeandikwa "jani bichi" naweka kwenye jani bichi. Vimiraba visivyo na jina ni kuta tupu kwangu. Na programu zikiweka jina linakuwa msimbo wa herufi na tarakimu sita. Nani anaweza kuchora kwa huo?

#24 Mnyamwezi wa Stesheni

Ndugu yangu, usiniombe samahani. Nimejifunza kitu hapa.

#25 Kibirizi Mchana

Shida ya majina ni Kiswahili chenyewe. Kina rangi tatu tu, nyeusi, nyeupe, nyekundu. Utaandika majina gani?

#26 Maktaba ya Bangwe

Hapana Kibirizi. Tatu ni zile zinazopatana na nomino: kitu cheusi, ukuta mweupe, maji mekundu. Rangi nyingine tumezichukua kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, manjano ndiyo ile binzari, zambarau ni tunda. Tuna damu ya mzee. Tuna ugoro. Tuna nili. Mshonaji yeyote pale sokoni ukimwambia damu ya mzee anakutolea uzi uleule bila kukuuliza mara mbili.

#27 Mama Vitenge

Na hudhurungi umeisahau.

#28 Maktaba ya Bangwe

Hudhurungi ni kahawia.

#29 Mama Vitenge

Si kahawia! Hudhurungi imefifia, ina umanjano ndani yake. Nimeuza vitambaa miaka kumi na mbili.

#30 Mwalimu wa Sanaa

Shuleni tulifundishwa ni kitu kimoja. Ila mama, nikitazama kitambaa nakubaliana nawe. Na angalieni, tuna maneno ya tabia ya rangi ambayo vitelezi vya programu havina: kukolea, kupauka, kuchuja, kuiva, kuzimika. Kupauka na kuchuja si kitu kimoja. Ukuta uliopauka umepigwa na jua, khanga iliyochuja imefuliwa. Kitelezi kimoja cha "kukolea" kinazibana zote pamoja.

#31 Maktaba ya Bangwe

Kwa ndugu Kijani au Kahawia, na kwa fundi: majina mnaweza kuyaweka leo, hamhitaji kumsubiri mtu. Kuna aina ya faili la paleti linaloishia na .gpl. Ni maandishi matupu, linaandikwa hata kwenye programu ya kuandikia ya simu. Programu ya GIMP inalisoma, Krita inalisoma, Inkscape pia. Na Krita ipo kwa tableti za Android, fundi. Mstari mmoja rangi moja: namba tatu, halafu jina lolote mnalotaka.

#32 Fundi wa Boti

Jana sikwenda kwenye boti. Nimekaa barazani na bati langu na tableti, nikapika rangi kwa mkono, nikaweka tableti kando kwa kando kivulini, nikatafuta namba mpaka zikafanana. Nyeusi ya usiku ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao ziwani, ule weusi unaowazunguka una wekundu kwa mbali. Nimepata hivi:

GIMP Palette
Name: Ziwa la Jioni
Columns: 3
#
30 34 92 Kilindi
38 104 112 Maji ya Katonga
172 170 156 Dagaa Mkavu
214 84 22 Mawese
92 20 28 Damu ya Mzee
26 18 24 Usiku wa Taa

Chukueni, tumieni. Kati ya Kilindi na Maji ya Katonga nilipitia hatua nne kwenye bati, na hapo ndipo bado nina kilio: hatua hizo faili halizijui. Linajua nilipofika, halijui nilipopita. Mkononi mwangu ile njia ndiyo rangi yenyewe, kwa sababu kesho nikihitaji maji ya saa kumi badala ya saa kumi na moja narudi hatua moja nyuma, sianzi upya. Krita imenipa kitu cha kunisogeza: kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2019 unaweza kulifunika gurudumu ukaacha uwazi wa umbo unalotaka, ukawa unachagua humo tu, na mchoro wote unashikana. Nimekipenda. Ila bado ni kuchagua.

#33 Pikseli

Fundi, hiyo ya kuhifadhi njia nimeielewa leo, mwanzo sikuielewa. Kimiraba kingebeba wazazi wake: bluu sehemu ngapi, njano sehemu ngapi, nyeupe ngapi. Ukibadilisha mzazi, watoto wote wanabadilika. Inawezekana kabisa. Nitaandika ombi kwenye ukurasa wa watengenezaji wa Krita, wanapokea maoni ya watumiaji. Nitakutumia hapa kwanza ulisome.

#34 Mgebuka Mbichi

Nimenakili paleti ya fundi, haifunguki kwenye tableti ya dada yangu. Inasema faili si sahihi.

#35 Maktaba ya Bangwe

Umeacha mstari wa kwanza?

#36 Mgebuka Mbichi

Niliufuta, nikaandika "Paleti ya Fundi".

#37 Maktaba ya Bangwe

Urudishe ulivyo, herufi kwa herufi. Programu inautambua faili kwa mstari huo. Jina lako weka kwenye mstari wa pili.

#38 Mgebuka Mbichi

Imefunguka. Nimeichora boti yangu ya kwanza, sitawaonyesha bado. Halafu nikatuma mchoro kwenye simu yangu. Fundi, Kilindi kwangu ni zambarau.

#39 Mtoto wa Mwandiga

Zima hali ya usiku haraka.

#40 Mgebuka Mbichi

Imezimwa tangu niliposoma kisa cha bibi yako. Na rangi nimeweka za kawaida kama alivyosema Mama Vitenge. Nimeziweka kando kwa kando hapa mezani, tableti ya dada bluu, simu yangu zambarau. Mchoro ni uleule.

#41 Fundi wa Boti

Zitoe zote mbili nje, uzishike kivulini, uniambie ipi inafanana na maji.